Uzi: Kujenga programu bila intaneti – namna ya kubeba vitegemezi vyote kwenye fulashi na mradi ukajengeka (Goma, Bukavu, Lubumbashi)

Mjenzi wa Himbi (mtoa mada, Goma)

Jambo wandugu.

Kuna swali linanifikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa hapa Goma na wa upande wa pili wa ziwa. Mtu ameshusha mradi mahali penye waifai nzuri, ameufungua, umefanya kazi, akazima laptopu akaenda zake. Anafika nyumbani Ndosho au Majengo, mega (bando la intaneti) zimekwisha, anaandika amri ya kujenga, na kompyuta inaanza kutafuta seva iliyo ng'ambo ya bahari. Msimbo wote anao mkononi na bado haujengeki. Naandika uzi huu kwa sababu tatizo hilo lina dawa, na dawa yenyewe inadai utaratibu kuliko pesa.

Tuanze na kinachotokea. Msimbo ulioandika wewe ni sehemu ndogo ya mradi. Unaita maktaba za watu wengine, na hizo nazo zinaita nyingine, mpaka mradi wa kurasa chache unakuwa umevuta mamia ya vifurushi. Hivyo ndivyo vitegemezi. Zana za kujenga miradi, kama Maven na Gradle (Java na Android), npm (JavaScript) na pip (Python), zimezoea kushusha na kujenga kwa pigo moja. Mwenye intaneti ya kudumu hauoni mpaka kati ya kazi hizo mbili. Sisi tunauona kila mega zinapokwisha.

Msimamo wangu ni huu: siku ya intaneti ni siku ya kukusanya, siku nyingine zote ni za kujenga. Na mkusanyo haujakamilika mpaka umejenga mradi mtandao ukiwa umekatwa, wewe ukiwa bado umekaa palepale penye intaneti. Ukiondoka kabla ya hapo, unaondoka na bahati nasibu.

Msidhani ni shida ya Kivu peke yake. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm kifurushi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa mpaka npm ilipokirudisha. Mwaka 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kuifunga JCenter, hifadhi ambayo miradi mingi ya zamani ya Android iliitegemea. Na watu wa Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, wameliweka jambo hili kwenye kanuni zao: kifurushi cha sehemu yao kuu hakiruhusiwi kugusa mtandao wakati wa kujengwa. Chochote kinachohitajika kiwe kimeshawekwa kabla. Wanataka mtu yeyote, popote, aweze kuijenga upya programu ileile bila kuomba ruhusa ya seva ya mtu.

Sisi tuna sababu zetu za ziada. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchini, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, watu wengi wa Goma walihama kuelekea Sake, Gisenyi na Bukavu. Mwenye mradi uliokamilika ndani ya laptopu alihama na kazi yake.

Sasa kazi yenyewe. Nitaanza na Maven kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku, na ndiyo inayodanganya watu zaidi.

Wengi wanafundishwa amri ya `mvn dependency:go-offline`. Inasaidia, ila haitoshi. Mfano: programu-jalizi ya Surefire, inayoendesha majaribio, huchagua kiunganishi chake cha JUnit (maktaba ya majaribio ya Java) pale tu majaribio yanapoanza kukimbia. Go-offline haijui kitachaguliwa kipi, kwa hiyo haikishushi. Unafika nyumbani, msimbo unakompailiwa vizuri, halafu kwenye majaribio kila kitu kinasimama. Ninachofanya mimi ni kuujenga mradi kikwelikweli, na majaribio yake yote, nikielekeza hifadhi kwenye folda mpya isiyo na kitu:

`mvn -Dmaven.repo.local=/home/mimi/hifadhi-m2 clean verify`

Folda iwe tupu tangu mwanzo. Ukitumia `~/.m2` yako ya zamani (hifadhi ya kawaida ya Maven), vitu vilivyoshushwa mwaka jana kwa ajili ya mradi mwingine vitaficha pengo. Ikimaliza, narudia palepale kwa `-o`, yaani bila mtandao:

`mvn -o -Dmaven.repo.local=/home/mimi/hifadhi-m2 clean verify`

Ikipita, una mkusanyo. Na toleo la Maven lenyewe liwe lilelile kwenye kompyuta zote mbili. Kama pom.xml yako (faili la maelekezo ya mradi wa Maven) haitaji matoleo ya programu-jalizi, Maven inachukua yale iliyozaliwa nayo, na Maven ya toleo jingine ina orodha nyingine. Hapo utaambiwa maven-jar-plugin haipo, na wewe unaiona ipo, kumbe ni ya toleo tofauti. Andika matoleo ndani ya pom.xml, uondokane na habari hiyo.

Alama ya `-o` inaizuia Maven peke yake. Haizuii skripti iliyojificha ndani ya mradi kwenda kutafuta kitu mtandaoni. Kwa hiyo jaribio la mwisho ni kukata mtandao wenyewe. Kwenye Windows weka hali ya ndege. Kwenye Linux kuna njia safi zaidi:

`unshare -rn bash`

Hiyo inakufungulia terminali isiyo na mtandao wowote, huku dirisha lako jingine likiendelea kushusha. Ila ndani yake hata anwani ya kompyuta yenyewe, localhost, imezimwa, na Gradle inaitumia kuongea na mchakato wake wa nyuma. Iwashe kwa `ip link set lo up` kabla ya kujenga, la sivyo utafikiri Gradle imeharibika. Baadhi ya matoleo mapya ya Ubuntu yanakataa unshare kwa mtumiaji wa kawaida. Hapo rudi kwenye hali ya ndege.

Usafirishaji nao una mambo yake. Fulashi nyingi sokoni zimepangwa kwa FAT32. FAT32 haipokei faili lenye kufika GB 4, na haijui viungo vya faili vya Linux. Ukikokota folda ya node_modules moja kwa moja kwenye fulashi ya namna hiyo, viungo vilivyomo kwenye `.bin` vinavunjika, na faili elfu na elfu ndogo zinakopiwa polepole mpaka betri ya laptopu inalegea. Funga kila kitu kwanza kwa tar, faili moja. Likizidi, likate kwa `split -b 3900m`. Halafu piga `sha256sum`, inayotoa alama ya ukaguzi ya faili, uweke matokeo ndani ya fulashi na uyaandike pia kwenye daftari au ujitumie kwa ujumbe mfupi. Fulashi zetu zinapita secrétariat public nyingi (vibanda vya kuchapa na kukopi), zinarudi na virusi vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato. Ukifika, `sha256sum -c` ndiyo ya kwanza, kabla ya kufungua chochote.

Msimbo wenyewe ubebe kwa `git bundle create mradi.bundle --all`. Ni faili moja, unalifungua kwa `git clone mradi.bundle`, historia yote ipo. Angalia tu: submoduli na mafaili ya Git LFS hayaingii humo.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana yaya. Mimi niko kwenye TFC (kazi ya kumaliza masomo), natengeneza programu ya simu kwa Flutter kwa ajili ya wamama wanaouza samaki na sambaza, waandike madeni ya wateja. Nikiwa chuoni inajengeka na inafunguka kwenye simu bila shida. Nyumbani pia inajengeka. Lakini nikitaka kutoa APK (faili la kusakinisha programu kwenye simu) ya mwisho ya kumpa mwelekezi wangu, inadai intaneti. Kwa nini ile ya kwanza ikubali na hii ikatae, na mradi ni uleule?

---

Mjenzi wa Himbi

Dada, swali zuri, na jibu lake liko kwenye Gradle.

Unapojenga kwa ajili ya kujaribu, Flutter inavuta maktaba zake za debug. APK ya mwisho inataka za release, na hizo ni mafaili mengine kabisa: kuna flutter_embedding_debug na kuna flutter_embedding_release, na kwa kila aina ya prosesa ya simu kuna jozi yake. Chuoni ulijenga debug tu, kwa hiyo release hazijawahi kuingia kwenye kashe yako (folda inayotunza vilivyoshushwa). Siku ukirudi penye intaneti jenga zote mbili, moja baada ya nyingine:

`flutter build apk --debug`
`flutter build apk --release`

Kisha kata mtandao, ingia kwenye folda ya android, ujaribu `./gradlew assembleDebug assembleRelease --offline`.

Kama utaihamishia kazi kwenye kompyuta nyingine, angalia vitu vinne. Cha kwanza ni folda ya Flutter yenyewe pamoja na `.pub-cache`. Ukifika kule endesha `flutter pub get --offline`, kwa sababu mradi unaandika njia kamili za folda za kompyuta ya zamani ndani ya `.dart_tool`, na lazima ziandikwe upya. Cha pili ni Gradle yenyewe. Faili la `gradle-wrapper.properties` lina mstari wa distributionUrl unaoelekeza kwenye seva ya Gradle, na zip ile inapita MB 100. Iweke kwenye diski na ubadilishe mstari uanze na `file\:///`. Cha tatu ni kashe ya Gradle, folda ya `modules-2` iliyo ndani ya `~/.gradle/caches`, unapoikopi ondoa mafaili yanayoishia na `.lock` na yale ya `gc.properties`. Cha nne ni Android SDK nzima (zana za kujengea programu za Android), pamoja na folda yake ya licenses. Gradle ikiona sehemu ya SDK imekosekana na leseni zimeshakubaliwa, inakwenda kuishusha yenyewe bila kukuuliza, ndiyo maana watu hawajui kwamba ilishawahi kushushwa.

Na mifumo endeshi ya kompyuta zote mbili ifanane. Gradle inashusha zana moja iitwayo aapt2 kulingana na mfumo: ukikusanya kwenye Windows unapata ya Windows, na laptopu ya Linux haitaitaka hata kidogo.

Kazi ya madeni ya wamama wa samaki ni kazi ya maana, endelea nayo.

---

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)

Salamu kutoka L'shi. Mimi natoa msaada wa kompyuta kwa mkandarasi anayeingia kwenye migodi. Kule hatukosi intaneti kwa sababu ya mega. Kompyuta zinazosoma mashine za kiwandani hazigusi mtandao wa nje kwa makusudi, na haitakuja siku ya kuziunganisha. Kila kitu kinaingia kwa diski iliyokaguliwa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni Python. Nakusanya kwa `pip download` kwenye laptopu yangu ya Linux, mashine za kule ni Windows na Python yake ni ya zamani kidogo. Vifurushi vyenye sehemu za C, kama numpy, vinakataa.

La pili ni pingamizi, mkubwa. Ukifungia vitegemezi ndani ya hifadhi na kuvibeba miaka, unabeba na matundu yake. Desemba 2021 ilipotoka habari ya Log4Shell, matoleo ya log4j-core (maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu) kuanzia 2.0-beta9 mpaka 2.14.1 yalikuwa na tundu la kumruhusu mtu wa mbali kuendesha msimbo wake ndani ya seva yako. Waliokuwa na jar (mafaili ya maktaba za Java) zimejificha ndani ya programu za zamani walihangaika kujua hata kama wanayo. Mwenye kushusha kila mara angalau anapata toleo lililorekebishwa.

---

Mjenzi wa Himbi

Kaka, Python kwanza. Iambie pip unakusanyia nani:

`pip download -r requirements.txt -d vifurushi --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.9`

Weka toleo la kule, si lako. Ile `--only-binary` ni ya lazima hapo, na faida yake ni kwamba kifurushi kisicho na gurudumu (wheel, yaani kifurushi kilichokwisha kujengwa) tayari kwa Windows kitakataa sasa hivi, mbele ya macho yako, si kule mgodini. Kule unasakinisha kwa `pip install --no-index --find-links=vifurushi -r requirements.txt`.

Vile visivyo na gurudumu ndivyo vinavyosumbua. Vinakuja kama msimbo ghafi, na ili kuvijenga pip inataka setuptools au zana nyingine ambayo `pip download` haikuiweka kwenye folda yako. Tafuta kompyuta moja ya Windows yenye Python ileile na intaneti, piga `pip wheel -r requirements.txt -w vifurushi`, ubebe magurudumu yaliyokwisha kujengwa.

Kuhusu pingamizi lako, nakubaliana na hatari, sikubaliani na hitimisho. Mwenye kushusha kila mara analetewa toleo jipya, zuri au baya. Machi 2024 ilionekana kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz (zana ya kubana mafaili) yalikuwa yametiwa mlango wa nyuma kwa makusudi, na waliofikiwa wa kwanza ni wale wanaopokea mapya haraka. Kinacholinda ni kujua ulicho nacho. Na hapo mkusanyo uliofungwa unakupa nguvu, kwa sababu orodha yako haibadiliki ukiwa umelala.

Kwa hiyo, pamoja na mkusanyo, beba orodha. Mafaili ya kufuli kama `package-lock.json`, `go.sum`, `Cargo.lock` na `composer.lock` yana majina, matoleo na mara nyingi alama za ukaguzi. Maven haina faili kama hilo, kwa hiyo toa orodha kwa programu-jalizi ya CycloneDX. Kisha siku ya intaneti, kabla ya kitu kingine, shusha hifadhidata mpya ya matundu yanayojulikana. Osv-scanner inaweza kukagua kwa hifadhidata iliyoshushwa mapema, hata ndani ya chumba chako kisicho na mtandao. Usitegemee kutafuta jina la jar kwenye diski peke yake. Log4j nyingi zilikuwa zimemezwa ndani ya jar kubwa la programu nzima, na jina la faili halionyeshi kitu.

---

Fundi wa Katuba

Hapo tumekutana. Kilichokosekana kwetu ni hiyo siku maalumu ya ukaguzi kwenye kalenda. Diski inaingia pale mtu anapohitaji kitu kipya tu.

---

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu zangu, mnazungumza kama kila mtu yuko peke yake na fulashi yake. Sisi tunafundisha informatique kwenye auditoire (ukumbi wa masomo) yenye wanafunzi wengi, kila mmoja akishusha React ileile kwa mega zake mwenyewe. Ni hasara ya wazi kabisa. Tumechukua kompyuta moja ya mezani iliyostaafu, tumeipa diski kubwa na Debian, tumeiunganisha kwenye rauta ya darasa. Haina intaneti kwa muda mwingi. Ndani yake tumeweka seva za kutunza vifurushi: Verdaccio kwa ajili ya npm, devpi kwa Python na apt-cacher-ng kwa vifurushi vya Debian.

Mwanafunzi anaandika mara moja tu kwenye laptopu yake `npm config set registry` akifuatisha na anwani ya mashine ile na mlango 4873. Kifurushi kikishaombwa mara ya kwanza siku ya intaneti, kinabaki pale. Wa pili na wa hamsini wanakipata kwa waifai ya darasa, bila mega hata moja.

Kuna jambo moja ambalo mtu ataligundua akijaribu: anwani ya seva inaingia ndani ya `package-lock.json` kwenye sehemu ya resolved. Mwanafunzi akiupeleka mradi kwa mtu aliye nje ya darasa, yule anaweza kukwama akitafuta mashine yetu. Tunawafundisha kukagua faili hilo kabla ya kutuma.

Umeme ukikatika kila kitu kinazimika, hilo sina la kuficha. Rauta na seva tumeziweka kwenye betri ya jua pamoja, projekta tumeiacha nje.

---

Kijana wa Birere (Goma)

Mwalimu, wazo la darasa nimelipenda. Mimi niko upande wa npm bila seva. Nafanya `npm ci --cache ./kashe-npm` penye mtandao, halafu nyumbani `npm ci --offline --cache ./kashe-npm`. Miradi mingi inakubali. Wenye Cypress na Electron inakufa katikati.

---

Mjenzi wa Himbi

Hiyo ni kwa sababu baadhi ya vifurushi vina skripti inayokimbia baada ya kusakinishwa, na skripti ile ndiyo inayokwenda kuchukua faili kubwa mahali pengine, nje ya npm kabisa. Kashe ya npm haiwezi kulijua. Kwa Cypress shusha zip yake mapema, halafu taja njia yake kwenye CYPRESS_INSTALL_BINARY. Puppeteer unaizuia kwa PUPPETEER_SKIP_DOWNLOAD kisha unaionyesha Chrome uliyo nayo. Electron ina ELECTRON_MIRROR, unaielekeza kwenye folda inayotolewa na seva ndogo ya nyumbani.

Kingine cha kuangalia ni esbuild, zana ya kujenga iliyomo ndani ya matoleo mengi ya Vite na miradi mingine mingi. Inakuja kama kifurushi tofauti kwa kila mfumo, na npm inashusha cha mfumo ulioko tu. Ukikusanyia rafiki mwenye Windows ukiwa kwenye Linux, taja `--os=win32 --cpu=x64`.

---

Fundi wa Katuba

Niongeze ya Go na Rust, maana ndizo zinazonipa usingizi mzuri.

Go: `go mod vendor`, vitegemezi vyote vinaingia kwenye folda ya vendor ndani ya mradi. Jaribu kwa `GOPROXY=off GOTOOLCHAIN=local go build ./...`. Hiyo GOTOOLCHAIN msiisahau: tangu Go 1.21, go.mod ikitaka toleo jipya kuliko ulilonalo, Go inakwenda kushusha Go nyingine.

Rust: `cargo vendor`, inakuandikia maneno ya kuweka kwenye `.cargo/config.toml`, kisha `cargo build --frozen`.

Mimi folda hizo naziweka ndani ya git pamoja na msimbo. Najua wengine hawapendi.

---

Mwalimu wa Ibanda

Mimi ni mmoja wao. Historia ya git inavimba, na mwanafunzi anayesoma mabadiliko anapotea kati ya mistari elfu kumi ya mtu mwingine.

---

Mjenzi wa Himbi

Mwalimu, kwa Go na Rust niko na Fundi. Ule ni msimbo unaosomeka, na mtu anayepokea git bundle anapata kila kitu kwa mkono mmoja. Kwa node_modules niko na wewe bila kusita: imejaa mafaili ya mfumo mmoja, haifai kuingia git. Kashe iwe tar pembeni, faili la kufuli liwe ndani ya git.

---

Mkaaji wa Katindo (Goma)

Nimefuata hatua za Maven neno kwa neno kwenye kompyuta ya kazini, ikapita na `-o`. Nimeleta hifadhi nyumbani, Maven ni toleo lilelile, naona jar kwa macho yangu ndani ya folda, lakini inasema: `Cannot access central in offline mode and the artifact has not been downloaded from it before`. Nisaidieni, leo jioni natakiwa kutuma.

---

Mjenzi wa Himbi

Ndugu, je, kazini mna faili la `settings.xml` lenye mirror (hifadhi nakala) ya ofisi?

---

Mkaaji wa Katindo

Ndiyo, lipo.

---

Mjenzi wa Himbi

Basi ndipo hapo. Ingia kwenye folda ya jar hiyo uangalie faili dogo liitwalo `_remote.repositories`. Maven inaandika humo jina la hifadhi ambako jar ilitoka. Kazini ilitoka kwenye mirror ya ofisi, kwa jina lililoko kwenye settings.xml yenu. Nyumbani huna jina hilo, una central tu, kwa hiyo Maven inaona jar ipo lakini inaikataa kwa sababu haikutoka mahali inapopajua. Njia mbili: lete na settings.xml ileile, au futa mafaili hayo yote:

`find hifadhi-m2 -name _remote.repositories -delete`

Kisha jaribu tena na `-o`.

---

Mkaaji wa Katindo

Imepita! Mungu akubariki. BUILD SUCCESS, mega sifuri.

---

Binti Kadutu

Yaya, release imetoka na nimeijenga nyumbani Kadutu, waifai imezimwa kabisa. Ilikuwa vile ulivyosema, na NDK (zana za Android za msimbo wa C) nayo ilikuwa haipo, nimeikopi kwa rafiki. Swali langu la mwisho: kila nikiongeza kifurushi kimoja kipya, ni lazima nibebe tar nzima tena? Kuna mtu ananiletea vitu kwa boti kutoka Goma na fulashi yake ni ndogo.

---

Mjenzi wa Himbi

Hapana dada. Kwa msimbo, git bundle inaweza kubeba mapya tu: weka alama kwenye komiti ya mwisho uliyopokea, tuseme `bukavu`, na anayekukusanyia aandike `git bundle create mapya.bundle bukavu..main`. Wewe unavuta kwa `git pull mapya.bundle main`.

Kwa vitegemezi, yeye abaki na nakala ya hifadhi yako kama ilivyo kwako. Akishajenga na toleo jipya, atafute mafaili yaliyoingia baada ya tar ya mwisho: `find hifadhi-m2 -type f -cnewer tar-ya-mwisho.tar`, ayafunge hayo peke yake. Kwa Maven na `.pub-cache` njia hiyo inakwenda vizuri, maana faili likishaingia halibadilishwi tena, linaongezewa majirani tu. Kwa kashe ya Gradle usijaribu: kuna faharasa ya ndani inayoandikwa upya kila mara, na vipande vya siku mbili tofauti vitagombana. Hiyo modules-2 ibebwe nzima, hata kama boti itabidi isubiriwe.